Ombi la Kurudishiwa Magari Yaliyokuwa Yakipotea

Kwa Ndugu Mhandisi Mkuu,
Idara ya Barabara na Alama Zake.

Ndugu Mhandisi,

Salamu zangu zitangulie, malalamiko yafuate nyuma kwa adabu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti yanayouma mvua ikikaribia, na natumaini nawe huko ofisini hujambo. Mimi ndiye fundi viatu wa njia panda, kwenye kibanda cha mabati chenye buti moja kubwa lililoning'inizwa mlangoni. Kama uliwahi kupita huku kabla ya mabango yako, basi tumeshazungumza, maana hakuna dereva aliyepita bila kuniuliza njia.

Nakuandikia kwa unyenyekevu kulalamika kwamba magari siku hizi hayapotei.

Ili unielewe, naomba nikueleze njia panda yetu, kwa kuwa ninyi wenye ramani mnaiona kutoka juu, nasi tunaiona kutoka kwenye kigoda. Barabara inashuka kilimani, inafika kibandani kwangu, inagawanyika. Ya kushoto ni fupi na inaingia moja kwa moja kwenye nyumba zetu. Ya kulia inazunguka bondeni, kwenye mawe na mashimo, kisha inatokea nyuma ya nyumba zilezile. Zote mbili zinafika, ila moja inafika baadaye. Miaka yote hiyo hapakuwa na nguzo wala mshale. Palikuwa na mimi.

Ndipo akaja kijana wenu wa miwani pamoja na vijana wa rangi. Sina ugomvi naye. Alinipa shikamoo vizuri, nikamgandishia soli iliyokuwa imefunua mdomo, akaniuliza barabara ipi inaingia mtaani. Nikamwelekeza kwa moyo mweupe. Akaandika nilichosema, akakipaka rangi nyeupe juu ya bluu, akakitundika juu ya kichwa changu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Magari hayasimami. Zamani dereva alikuwa akifika kwangu anazima injini, anashuka, ananyoosha mgongo, anasalimia. Mtu haulizi njia huku anaondoka. Wakati namwelekeza, macho yake yalikuwa yakishuka yenyewe hadi kwenye viatu vyake, na yangu yalikuwa yameshatangulia huko. Alikuwa akiondoka anajua njia na ana kisigino kipya. Jirani yangu Mama Vikombe, anayeuza chai ubavuni mwa kibanda, alikuwa akipata habari kabla ya redio: daraja gani limekatika, nani amejifungua mapacha, tajiri yupi ameuza gari akasema limeibwa. Sasa madereva wanapita vioo juu, macho kwenye bango, wanatuachia vumbi. Mama Vikombe hana habari mpya. Juzi alinisimulia habari niliyomsimulia mimi mwenyewe, nami nikaisikiliza hadi mwisho kwa kuwa hapakuwa na nyingine.

2. Bango lenu linamwambia kila mtu ukweli bila kuangalia anayeuliza ni nani. Mtu mzima hafanyi hivyo. Sisi hapa tuna utaratibu wetu. Akija mgeni wa heshima, hasa wakwe, mimi humwelekeza njia ya bondeni. Simdanganyi, kwani anafika. Lakini wakati yeye anarushwarushwa na mawe, mimi nagonga debe kwa nyundo yangu ya viatu, na huko nyumbani wanajua kuwa wageni wako bondeni. Ua unafagiwa, maji yanabandikwa, mwenye nyumba anatafuta shati, watoto wananawishwa nyuso. Mgeni akifika anakuta familia imetulia kama vile haijawahi kugombana tangu iumbwe. Mtaa mzima umeoana kwa msaada wa bonde lile.

Mwezi uliopita walikuja watu wa upande wa mchumba wa binti wa seremala, kumalizia mazungumzo ya posa. Wakafuata mshale. Nilipolishika debe wao walikuwa wameshapiga hodi. Wakamkuta seremala yuko juu ya paa amejifunga taulo, anamfukuza kuku, na mkewe yuko chini anamwambia yale ambayo mke humwambia mume wakiwa peke yao. Posa haijavunjika, namshukuru Mungu. Lakini imeingia doa, na doa hilo lina rangi za idara yako.

3. Mabango yanazuia ndoa hata kabla ya posa. Hili nalisema kwa ushahidi wa nyumbani kwangu. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ameolewa na dereva wa lori la saruji. Siku ya kwanza kijana yule alikuwa akitafuta shule iliyokuwa ikijengwa upande wa pili, akatokea uani kwetu. Binti akampa maji. Wiki iliyofuata akatokea uani tena, anatafuta shule ileile. Mara ya tatu alisimamisha lori mlangoni akauliza shule iko wapi, na shule yenyewe ilikuwa inaonekana pale alipokuwa amesimama. Mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, akaninong'oneza: "Mwenzangu, huyu hajapotea. Huyu ameshafika."

Wakaoana, na leo wana mtoto wa kike anayeota meno. Sasa nakuuliza, Ndugu Mhandisi, kama pangekuwa na mshale, mkwe wangu angefikaje? Wapo mabinti wengine mtaani kwetu, wazuri, wenye vikombe vya maji tayari. Mmewanyooshea vijana barabara hadi shuleni, na shuleni kuna mlinzi tu.

4. Majina mliyoyaandika hatuyajui. Sisi tunaishi Kwa Cherehani. Ni kweli fundi cherehani alihama zamani na nyumba yake sasa ni ghala la magodoro, lakini hilo halijawahi kumchanganya mtu. Ukitoka hapo unafika Penye Mti Ulioanguka. Mti wenyewe ulishageuka kuni, na kila mtu anajua ulipo. Ninyi mmekuja mkaandika Barabara ya Tatu Magharibi. Hatujawahi kuiona ya pili. Juzi mgeni alimuuliza mkunga wetu Barabara ya Tatu Magharibi iko wapi. Mkunga, ambaye amezalisha nusu ya mtaa huu na anaujua kama kiganja chake, akamwambia kwa uhakika kuwa amekosea mji, akampakiza kwenye basi la kurudi alikotoka. Baadaye tukagundua kwamba mkunga alikuwa amesimama kwenye barabara hiyo, mlangoni kwake, na mgeni alikuwa ni mpwa wake.

5. Mzunguko. Kule juu kilimani mmejenga mzunguko na kuuchora mishale inayofukuzana. Tunaye msukuma mkokoteni tunayemwita Ndiyo Mzee, kwa sababu hajawahi kukataa agizo. Kijana wenu wa miwani alitutangazia kuwa alama zile ni za vyombo vyote vya nchi kavu, na mkokoteni hauogelei. Basi Ndiyo Mzee akaingia mzungukoni na magunia yake ya mkaa, akaufuata mshale, nao ukampeleka kwenye mshale mwingine. Akazunguka hadi jua likawa utosini. Nilipopanda kwenda kumtoa alinilalamikia kwa upole kwamba barabara mpya ni nzuri ila ni ndefu kuliko ya zamani. Nikamwambia atoke. Akaniuliza imeandikwa wapi.

6. Hili ni fupi. Mvua zikianza, bonde letu linageuka uji. Zamani magari yalikuwa yakinasa huko, na Fundi Spana, mwenye gereji, alikuwa akiyavuta kwa kamba yake nene huku sisi tukimpa ushauri. Mwaka juzi lori moja liliteleza likalala ubavu ukingoni mwa korongo, na kwa siku kadhaa mtaa wote ulikuwa ukienda kulitazama. Watu waliokuwa hawasalimiani walisalimiana. Leo hakuna anayenasa, na kamba ya Fundi Spana imegeuka ya kuanikia nguo.

7. Hili ndilo lililonifanya ninunue karatasi.

Tangu mama yake afariki, binti yangu amekuwa akiniomba nihamie kwao mjini. Kila akiniomba nilikuwa na jibu moja: nikiondoka, nani ataelekeza magari? Alikuwa akikubali, kwa sababu amekua akiyaona yakisimama na anajua kuwa sisemi uongo. Jibu lile limenitosha miaka yote. Mwezi huu madereva wanaofanya kazi na mumewe wakamletea habari za mabango yenu, akanipigia simu. Akaniambia: "Baba, mabango yapo. Hao hawakuhitaji tena. Sisi ndio tunaokuhitaji."

Nililitazama bango lako, nalo lilikuwa na majibu ya kila mtu isipokuwa langu.

Jumamosi hii wanakuja na lori kunihamisha mimi, kigoda na sanduku la zana. Nyumba yao ni nzuri, ina vigae, na nimeahidiwa kuwa nitakaa kwenye kochi na sitanyanyua hata kijiko. Ndugu Mhandisi, naliogopa kochi lile. Mtu asiyeulizwa kitu kutwa nzima anaanza kufanana na foronya. Mke wangu amelala huku, hatua chache kutoka barabarani, na yeye pia alizoea kusikia injini zikizimwa. Nampenda binti yangu kuliko macho yangu, na mjukuu nimemwona kwenye picha tu, lakini inaniuma kung'olewa hapa kwa sababu ya nguzo. Sijui kuiandika kwa lugha ya kiofisi. Inaniuma.

Kwa hayo yote naomba, nikianza na dogo:

Mwondoe mabango yote na mfute mishale yote, mpaka kule mzungukoni, ambako Ndiyo Mzee ameapa kutokanyaga tena mpaka apewe ruhusa ya maandishi ya kutoka.

Kama hilo haliwezekani kwa kuwa rangi imeshakauka, basi mabango yabaki lakini baadhi yaelekee pengine. Sidai upotevu mkubwa. Nadai upotevu wa wastani, wa kumfanya dereva asimame, akune kichwa, ashuke. Idara inaweza kutoa kibali maalumu cha kupoteza magari, na mimi nitakitundika kibandani pembeni ya buti.

Kama hata hilo ni gumu, lifutwe lililoandikwa kwenye bango la njia panda liandikwe: MUULIZE FUNDI.

Na kama sheria haiwezi kutaja fundi, basi niajiriwe mimi kuwa bango. Urefu ninao. Naonyesha kushoto na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo nguzo yenu imeshindwa. Sipauki kwa jua kuliko nilivyokwisha pauka. Nikipewa koti la bluu lenye mistari myeupe nitasimama kuanzia asubuhi, nami nina ubora mmoja ambao hamjauweka kwenye chuma: naweza kumwambia mtu asubiri kidogo, wenyewe bado wanavaa.

Mwisho, endapo kabla ya Jumamosi mtasikia kwamba bango la njia panda limegeuka na kuelekea bondeni, naomba msimshuku mtu yeyote. Upepo wa huku una nguvu sana, tena una tabia ya kuchagua mabango.

Nisalimie kijana wa miwani, mwambie ile soli ikifunua mdomo tena ailete. Nisalimie vijana wa rangi wote, hasa yule aliyeangukia mtaroni na ndoo yake, tulicheka lakini tulimwonea huruma. Salamu kwa katibu wako, kwa mlinzi wa getini, kwa anayewaleteeni chai, na kwa mama watoto nyumbani. Mama Vikombe anakusalimu na anauliza kama huko kuna habari yoyote.

Nabaki chini ya bango lako, kwa heshima na kwa kukosa pengine pa kukaa,

Fundi Viatu,
Njia Panda (ambayo nasikia sasa ni Makutano Namba Nne).

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshafungwa ndani ya bahasha mambo yalipobadilika, ndiyo maana bahasha imechanika. Sitaiandika upya, maana mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Isome hivyohivyo, kisha tafadhali usifanye hata moja katika niliyoyaomba.

Ule upepo ni mimi. Nilipanda juu ya kigoda, nikalegeza bolti kwa spana ya kuazima, nikaligeuza bango litazame bondeni. Nilitaka lori la Jumamosi lizunguke, lichelewe, ikiwezekana lichoke lirudi. Mvua ilikuwa imeanza, lakini nilijiambia mpaka Jumamosi patakuwa pamekauka.

Leo ni Alhamisi. Mchana nilikuwa nyumbani nimejikinga mvua, binti akapiga simu. Wamewahi safari kwa kuogopa barabara kuharibika, na wako karibu kufika kilimani. Nikaona aibu kumwambia nililolifanya bango, nikamsihi tu akae macho amwonyeshe mumewe njia. Akasema mtoto amewakesha kwa meno, sasa ndiyo amelala kifuani kwake, na yeye mwenyewe anasinzia. Akaniuliza, kwani mabango si yapo? Nikamwambia afadhali, mume wake njia hii anaijua tangu hajamwoa. Binti akacheka sana. Akasema: "Baba, huyu? Zile siku zote tatu alikuwa amepotea kweli. Mpaka leo akienda dukani anapiga simu." Kisha mtandao ukakata.

Nilitoka mbio na kiatu cha mteja mkononi. Kule bondeni maji yalikuwa yananguruma, na lile korongo nililokusimulia kwenye namba sita kwa furaha nyingi lilikuwa limekula nusu ya barabara. Mishale yenu ya chini ilikuwa imezama kwenye tope. Nikaligeuza bango, bolti ikaponyoka ikaingia majanini, na kila nikiliachia lilirudi lenyewe kutazama bonde. Basi nikalishikilia. Nilisimama mvuani nimelikumbatia bango nililolitukana kurasa zote hizi, nikiliomba lisitikisike. Sijawahi kuogopa kiasi kile. Pale ndipo nilipoelewa kwamba sikuwahi kutaka gari lolote lipotee. Nilitaka yasimame tu.

Lori likateremka kilimani taratibu, taa zimewashwa. Likapunguza mwendo. Likasimama. Mkwe wangu, chini ya bango lenye herufi kubwa kuliko kichwa chake, akashusha kioo, akanipa shikamoo, akauliza: "Samahani Baba, nyumbani ni njia ipi?"

Binti yangu aliamshwa na swali hilo. Akamtazama mumewe, akalitazama bango, akanitazama mimi nilivyolikumbatia, na tangu wakati ule hajagusia habari ya kuhama. Mjukuu ana meno mawili ya chini. Nyumbani palikuwa hapajafagiwa na maji yalikuwa hayajabandikwa, lakini debe sikuligonga. Niliwaelekeza njia fupi.

Kwa hiyo bango libaki. Leteni bolti, na kama zipo leteni mbili. Kwa sasa nimelifunga kwa uzi wa viatu, ule wa soli nene, na linaelekea kushoto.